Claude Monet: mchoraji aliyeogopa upasuaji wa macho kwa miaka kumi

Claude Monet alikuwa na umri wa miaka 82 wakati alikubali kulala juu ya meza ya upasuaji. Ilikuwa mwezi wa kwanza mwaka wa 1923, katika kliniki moja ya Neuilly, karibu na Paris. Jicho lake la kuume lilikuwa haliwezi tena kutofautisha kitu chochote, isipokuwa mwangaza na giza. La kushoto lilikuwa limebakiza nguvu kidogo sana. Tangu mwaka wa 1912 waganga walimueleza kwamba anapaswa kupasuliwa. Kwa zaidi ya miaka kumi, alikataa.

Mzee huyo alikuwa mmoja kati ya wachoraji wanaojulikana zaidi duniani. Macho yalikuwa kwake kama vile jembe kwa mkulima. Ndiyo maana maisha yake yanagusa swali ambalo wazee wengi, pamoja na watoto wao, wanajiuliza hadi leo: je, mtu mwenye umri mkubwa abaki na macho mabovu aliyoyazoea, ama akubali upasuaji bila kuwa na uhakika wa yatakayofuata?

Kijana wa Le Havre

Monet alizaliwa Paris tarehe 14 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1840. Alipokuwa bado mtoto, wazazi wake walihamia Le Havre, mji wa bandari kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na alitaka mtoto aingie katika kazi ya familia. Lakini kijana alipenda kuchora. Alianza na picha za kuchekesha za wakaaji wa mji, akawa anaziuza na kupata pesa kidogo. Mama yake alifariki mwaka wa 1857, Monet akiwa na miaka 16.

Huko Le Havre alikutana na mchoraji Eugène Boudin, ambaye alimfundisha jambo moja lililoongoza maisha yake yote: kutoka nje ya nyumba, kusimama mbele ya bahari ao shamba, na kuchora kile ambacho jicho linaona wakati huohuo. Zamani hizo, wachoraji wengi walifanya kazi ndani ya vyumba vyao.

Mwaka wa 1861 aliingia jeshini na kupelekwa Algeria. Aligonjwa huko, akarudi nyumbani, na shangazi yake akalipa pesa ili aachiliwe na jeshi. Baadaye alisimulia kwamba mwangaza na rangi za Afrika ya Kaskazini zilibaki ndani yake.

Jina lililoanza kama matusi

Miaka iliyofuata ilikuwa ya umaskini. Monet alikuwa na bibi, Camille Doncieux, na watoto wawili wanaume, Jean na Michel. Mara nyingi alikosa pesa ya kodi ya nyumba na hata ya kununua rangi.

Mwaka wa 1874, yeye na wenzake walipanga maonyesho yao wenyewe mjini Paris, kwani wakubwa wa sanaa walikuwa wakiwafungia mlango. Monet alionyesha picha ya bandari ya Le Havre wakati jua linachomoza, na ndani ya jina la picha hiyo kulikuwa na neno lenye maana ya kile kinachogusa jicho kwa mara ya kwanza. Mwandishi wa gazeti, Louis Leroy, alilichukua neno hilo ili kuwacheka. Akawaita Impressionnistes. Jina la matusi likabaki kuwa jina la heshima, na leo linafundishwa katika shule za sanaa duniani kote.

Camille alifariki mwaka wa 1879, akiwa na miaka 32 tu. Monet alikaa karibu na kitanda na kuchora uso wake. Baadaye alimueleza rafiki kwamba alijishangaa mwenyewe: akiwa ndani ya uchungu mkubwa, macho yake yalikuwa bado yanafuata jinsi rangi za uso wa bibi yake zilivyokuwa zinabadilika. Kuangalia rangi kulikuwa kumemuingia hadi kwenye mifupa.

Bustani ya Giverny

Mwaka wa 1883 alihamia Giverny, kijiji kidogo kati ya Paris na Rouen. Alienda na watoto wake, pamoja na Alice Hoschedé na watoto sita wa huyo mama. Alice akawa bibi yake wa ndoa mwaka wa 1892. Picha zake zilianza kuuzwa vizuri, na mwaka wa 1890 aliweza kununua nyumba.

Wakati huo alianza kuchora kitu kimoja mara nyingi, kwa saa na majira tofauti. Alichora marundo ya mavuno shambani, asubuhi, jioni, wakati wa jua na wakati wa theluji. Alichora mbele ya kanisa kuu la Rouen mara karibu 30. Alikuwa anatafuta mwangaza, na mwangaza haukai mahali pamoja.

Mwaka wa 1893 alinunua kipande kingine cha ardhi na kuomba ruhusa ya kuelekeza humo maji ya mto mdogo ili atengeneze ziwa. Wakaaji wa kijiji walipinga. Waliogopa kwamba mimea yake ya kigeni itaharibu maji ya mifugo. Mwishowe ruhusa ilitolewa. Alipanda yungiyungi, yale maua yanayoelea juu ya maji, na kujenga daraja la mbao la mtindo wa Japani. Mwaka wa 1909 alionyesha Paris picha 48 za ziwa hilo. Watu walizipenda sana.

Ukungu unaanza

Karibu na miaka hiyo macho yake yalianza kubadilika. Mwaka wa 1911 Alice alifariki, na Monet akaacha kuchora kwa muda. Mwaka wa 1912 alienda kumuona muganga wa macho. Jibu lilikuwa wazi: mtoto wa jicho, ugonjwa ambao wengi wanauita katarakte, tena kwenye macho yote mawili. Jicho la kuume ndilo lilikuwa baya zaidi.

Ndani ya jicho la mtu kuna lenzi, iliyo angavu kama kioo, nyuma ya mboni. Umri ukizidi, lenzi hiyo inaweza kuanza kuwa na ukungu na kugeuka rangi ya manjano, kisha ya kahawia. Mtu hasikii maumivu. Anaona tu kama vile anaangalia kupitia kioo kichafu, na kichafu hicho kinaongezeka mwaka kwa mwaka. Rangi ya bluu ndiyo inapotea ya kwanza, kwa sababu manjano ya lenzi inaizuia kuingia.

Kwa mtu wa kawaida, hilo ni tatizo la kusoma na la kutembea. Kwa Monet, ilikuwa kama kuibiwa. Rangi nyekundu zilionekana kwake kama matope. Zile nyororo zilipotea kabisa. Picha alizochora zikawa nyeusi kidogo kidogo, na yeye mwenyewe alilitambua hilo.

Muganga alishauri upasuaji wa jicho la kuume. Monet alikataa.

Woga wenye sababu

Ni rahisi leo kumcheka. Lakini woga wake haukuwa wa kitoto. Wakati huo hakukuwa na dawa za antibiotiki, na jicho likiingiliwa na vijidudu baada ya kupasuliwa lingeweza kupotea kabisa. Lenzi ilitolewa, lakini hakuna kitu kilichowekwa mahali pake, kwa hiyo mgonjwa alipaswa kuvaa miwani minene sana maisha yake yote. Tena hakuna aliyeweza kumhakikishia Monet kwamba ataona rangi kama zamani.

Alikuwa pia na mifano mbele yake. Mchoraji Honoré Daumier alimaliza maisha yake akiwa karibu kipofu. Mary Cassatt, Mmarekani aliyekuwa mwenzake tangu maonyesho ya Paris, alipasuliwa macho zaidi ya mara moja kuanzia mwaka wa 1917, lakini hakupona. Aliacha kuchora. Monet alijua habari hizo. Kwake, kuona vibaya kulikuwa afadhali kuliko kutoona kabisa.

Basi akatafuta njia za kuendelea. Alisoma majina kwenye tyubu za rangi badala ya kuamini macho. Alipanga rangi zake kila siku katika mpango uleule juu ya ubao, ili mkono ujue pa kwenda. Alivaa kofia kubwa ya majani ili jua lisimchome machoni. Alikwepa saa za katikati ya mchana, akafanya kazi asubuhi na jioni tu.

Alikuwa pia amejipa kazi ambayo ingemshinda hata kijana. Tangu mwaka wa 1914 alianza picha kubwa mno za yungiyungi, zenye urefu wa mita karibu mbili kwenda juu na mita nyingi kwa upana. Alijengewa nyumba maalumu ya kuzifanyia kazi. Mwaka huohuo mtoto wake Jean alifariki. Michel alienda vitani. Blanche, mjane wa Jean na pia binti wa Alice, alibaki nyumbani kumtunza mzee na kumbebea turubai.

Rafiki aliyekuwa muganga

Mtu aliyemsukuma zaidi kwenda kupasuliwa alikuwa Georges Clemenceau. Ulimwengu unamjua kama waziri wa kwanza aliyeongoza Ufaransa hadi mwisho wa vita ya kwanza ya dunia. Lakini kabla ya siasa, Clemenceau alisomea uganga. Alijua anachokisema.

Tarehe 12 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1918, siku moja baada ya vita kusimamishwa, Monet alimuandikia Clemenceau kwamba anataka kutoa picha zake kwa taifa kama alama ya ushindi na ya amani. Zawadi hiyo iliendelea kukua. Tarehe 12 mwezi wa ine mwaka wa 1922, alitia sahihi mkataba na serikali: atatoa turubai 19 kubwa, naye serikali itatengeneza vyumba maalumu katika jengo la Orangerie, katikati ya Paris. Alipewa miaka miwili.

Sasa mzee alikuwa amefungwa na sahihi yake mwenyewe, na macho yalikuwa yanakwisha. Mwaka huo wa 1922 aliharibu picha ambazo hazikumpendeza, na kuna siku ambazo hakuweza kufanya kazi hata kidogo. Mwezi wa tisa alienda Paris kumuona muganga Charles Coutela. Muganga alikuta jicho la kushoto limebakiza moja ya kumi ya nguvu ya kawaida. Alimpa dawa ya matone iliyofungua mboni, na kwa muda Monet akaona vizuri zaidi. Alifurahi sana, akadhani ameponyoka kisu. Lakini furaha hiyo haikudumu.

Kisu, na siku za kulala bila kujitikisa

Coutela alipasua jicho la kuume kwa hatua mbili mwezi wa kwanza mwaka wa 1923. Kwanza alikata sehemu ndogo ya duara lenye rangi linalozunguka mboni, kisha baadaye akatoa lenzi yenyewe.

Sehemu ngumu ilikuja baada ya hapo. Vidonda vya macho havikuwa vinashonwa vizuri kama leo, kwa hiyo mgonjwa alipaswa kulala chali bila mto, macho yamefungwa, mifuko ya mchanga ikiwekwa pande mbili za kichwa ili asijigeuze. Monet, mtu wa hasira na asiyezoea kupewa amri, alishindwa kuvumilia. Alijaribu kujitoa bandeji na kutoka kitandani. Kila alipojitikisa, aliweka kazi ya muganga hatarini.

Alirudi Giverny akitegemea muujiza. Hakuupata. Miwani minene ilikuza vitu na kuvipinda. Macho mawili hayakuweza kufanya kazi pamoja, kwani moja halikuwa na lenzi na lingine lilikuwa bado na ukungu. Kisha utando uliobaki nyuma ya lenzi iliyotolewa nao ukaanza kuziba. Mwezi wa saba mwaka huo, Coutela alilazimika kulifanyia jicho hilo upasuaji mwingine ili kuufungua.

Na rangi? Kwanza aliona kila kitu kimekuwa manjano, kisha kila kitu kikawa bluu. Hilo la bluu lina maelezo. Kwa miaka mingi lenzi yenye manjano ilikuwa inazuia bluu. Ilipotolewa, mwangaza wote wa bluu uliingia kwa nguvu. Picha za nyumba yake alizochora wakati huo zinaonyesha mahali pamoja kama vile panaonekana na watu wawili: nyingine zimejaa nyekundu na rangi ya machungwa, nyingine zimejaa bluu.

Monet alijuta. Aliandika barua kali kwa Coutela na kusema wazi kwamba ingekuwa bora asiguswe. Alikataa kabisa jicho la kushoto lipasuliwe, na msimamo huo hakuubadilisha hadi kifo.

Miaka iliyopatikana

Lakini hadithi haikuishia kwenye majuto. Mwaka wa 1924 alipokelewa na muganga mwingine, Jacques Mawas, aliyeshughulikia hasa miwani. Walijaribu vioo vya aina mbalimbali, vingine vyenye rangi ili kupunguza bluu. Mwishowe walikubaliana na jambo rahisi: jicho la kushoto lifunikwe, la kuume peke yake lifanye kazi.

Polepole, ubongo ukazoea. Mwaka wa 1925, zaidi ya miaka miwili baada ya upasuaji, Monet alikuwa anachora tena kwa furaha na kuwaambia marafiki kwamba anaona rangi vizuri. Alichukua turubai za miaka ya giza, akarekebisha zile alizotaka na kuharibu zingine. Ilimchukua muda mrefu kuliko mkataba ulivyosema. Kuna wakati alitaka kuiacha zawadi yenyewe, na Clemenceau alikasirika hadi urafiki wao ukakaribia kuvunjika. Mzee akarudi kazini.

Alifariki nyumbani kwake Giverny tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1926, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 86. Clemenceau alikuwa pembeni yake. Inasimuliwa kwamba siku ya mazishi, Clemenceau aliona sanduku limefunikwa kitambaa cheusi, akakitoa na kuweka kitambaa chenye maua, kwa kuwa rafiki yake hakustahili kuzikwa chini ya weusi.

Tarehe 17 mwezi wa tano mwaka wa 1927, vyumba viwili vya duara dufu vya Orangerie vilifunguliwa. Picha nane kubwa za ziwa la Giverny zimezunguka kuta zake hadi leo. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na mzee mwenye macho yenye ukungu. Sehemu nyingine ilimaliziwa na mzee huyohuyo, kwa jicho moja lililopasuliwa.

Kilichobadilika tangu Monet

Kama Monet angeugua leo, mengi yangekuwa tofauti. Tangu muganga Mwingereza Harold Ridley aweke lenzi ya bandia ndani ya jicho la mgonjwa huko London mwaka wa 1949, miwani ile minene imepotea polepole. Siku hizi upasuaji wa mtoto wa jicho kwa kawaida hauchukui hata saa moja, jicho linatiwa ganzi, na wagonjwa wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mifuko ya mchanga haihitajiki tena.

Hata ule upasuaji wa mwezi wa saba wa 1923 umepata mbadala. Utando ukiziba nyuma ya lenzi ya bandia, jambo ambalo bado linatokea kwa wagonjwa wengine miezi ao miaka baadaye, muganga anaufungua kwa mwangaza wa leza, kwa dakika chache, bila kisu.

Hapa ndipo wazee wengi wanachanganya mambo. Kuna leza inayosawazisha sehemu angavu ya mbele ya jicho ili mtu aache miwani. Hiyo haiondoi mtoto wa jicho. Mzee ambaye lenzi yake imeanza ukungu anaweza kulipa pesa nyingi kwa leza hiyo na bado akabaki na kioo kichafu ndani ya jicho. Ndiyo maana jambo la kwanza ni kupimwa na muganga wa macho, ili ijulikane tatizo liko sehemu gani, kabla ya kuchagua chombo cha kulitengeneza.

Katika nchi nyingi za Afrika, mtoto wa jicho bado ndiye sababu ya kwanza ya upofu, ingawa ni upofu ambao mara nyingi unaweza kuondolewa. Wazee wengi wanakaa nyumbani kwa sababu ya umbali, ya pesa, ao ya woga uleule uliomshika Monet. Woga huo haustahili kuchekwa. Unastahili kujibiwa: muganga aeleze hatari zipi zipo, mgonjwa ataona namna gani wiki za kwanza, na itachukua muda gani kuzoea.

Monet hakupewa majibu hayo mapema, na alipopasuliwa alitegemea kuamka na macho ya ujana. Alipata kitu kidogo kuliko hicho: jicho moja, miwani, na zaidi ya miaka miwili ya kujifunza upya kuona. Kwa jicho hilo moja alimaliza kazi ambayo watu wa dunia nzima wanaenda kuiangalia hadi leo.